Historia ya Phelista, kwa Mkono wa Mke Mwenza

Upande wa Matisi, pale mji wa Kitale unapoanza kuchanganyika na mashamba, kuna mama mmoja anaitwa Rispah Nabwile. Watu wanamsengenya ati anapenda matanga. Wacha waseme. Kwenda anakwenda, hilo si uongo. Hata kama marehemu alimjua kwa mbali tu, kwa kumwona akipita na baiskeli, Rispah atafunga kitambaa chake, achukue miwani, aende. Lakini chakula hali. Ataonja chai kwa heshima, basi. Kinachompeleka ni karatasi.

Ni ile karatasi ya mazishi, yenye picha ya marehemu mbele, nyimbo ndani, na historia yake katikati. Siku hizi hakuna anayezikwa bila hiyo. Wengine wanaikalia ili nyasi isiwaloweshe, wengine wanajipepea nayo, wengine wanafungia nyama ya kupelekea watoto. Rispah anaipeleka nyumbani bila mkunjo, anaketi mlangoni pa jikoni jua likiwa bado liko, anaisoma kutoka jina mpaka shukrani.

Nayo ndiyo ilimfunza kusoma. Shule aliachia darasa la tatu huko kwao Chwele, Bungoma. Herufi alizijua kama vile mtu anavyojua majina ya majirani bila kuwahi kuingia kwao. Akaolewa na Wamalwa, akazaa, akalima, na hakuna aliyemuuliza kama anajua kusoma, maana mahindi hayaulizi. Ni mpaka Wamalwa akafa, watoto wakashika njia zao, ndipo madaktari wa macho walikuja kanisani wakampa miwani. Wiki hiyo hiyo kukawa na mazishi kwa jirani. Akapewa karatasi kama wengine, akatupa jicho, na jina la marehemu likamjia lenyewe bila kusomewa. Akashtuka kidogo, akaangalia kama kuna mtu amemwona. Tangu hapo hakuacha.

Historia ya marehemu inamfaa mtu anayejifunza kwa sababu inajirudia. Alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa, aliokoka, aliugua kwa muda mfupi. Ukishayajua maneno hayo kwa maiti mmoja umeyajua kwa wote. Lakini hapo ndipo shida ilipoanzia. Kadiri Rispah alivyosoma, ndivyo alivyoona kwamba wafu wote ni mtu mmoja. Wote walikuwa wacheshi. Wote walipenda watu. Wote walikuwa nguzo ya jamii.

"Kitale hii," alimwambia Jerono, "haijawahi kuzika mtu mbaya. Hata mtu wa kawaida haijazika."

Jerono ni jirani yake, mama wa kutoka Kachibora, anayeleta maziwa asubuhi na kukaa mpaka chai iishe. "Sasa unataka waandike nini, Mama Wekesa? Si mtu amekufa. Wacha apumzike."

"Apumzike. Lakini apumzike yeye, si mtu mwingine."

Sasa kulikuwa na mzee anaitwa Barasa, wa shamba la chini. Barasa alikuwa mtu wa kusogeza mpaka. Mvua ikinyesha vizuri, katani zilizopandwa mpakani zinahama kidogo upande wa mwenzake, na yeye anaapa ni mmomonyoko. Alipokufa, karatasi yake iliandika kwamba aliishi kwa amani na majirani wote na aliheshimu mali ya kila mtu. Rispah alikuwa amekaa mstari wa mbele ndani ya hema. Akacheka. Hakutaka, lakini kicheko si mtoto wako umwambie akae.

Mama mmoja wa kanisa akamgeukia. "Umeona nini?"

"Nimeona karatasi," Rispah akajibu, wala hakuomba msamaha.

Alipofika nyumbani aligeuza ile karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe, ina namba ya simu ya mpiga chapa tu. Akachukua biro, akaandika polepole, ulimi ukitoka nje kidogo kama wa mtoto: *Barasa aripenda mpaka wake sana. Kira mvua mpaka uritembea na yeye anaufuata nyuma. Rakini siku kijana wangu arivunjika mguu ni Barasa arimbeba mpaka hosipitari na hajawahi kunikumbusha.*

Mtu asicheke hizo herufi. Sisi watu wa upande wa Bungoma, l na r ni mapacha. Ukiita mmoja wanaitika wote wawili, na Rispah anaandika vile ulimi unamtuma.

Alipomaliza akaisoma kwa sauti. Kisha akatega sikio. Ilikuwa kama mtu amesema hapo jikoni, na mtu huyo anamjua Barasa, na anaongea kama yeye Rispah. Maisha yake yote alikuwa amesoma watu wakiandikwa kwa mdomo wa mwenye kompyuta. Hakuwa amejua kama mdomo wake nao unaweza kukaa kwenye karatasi na usianguke.

Basi akaendelea. Kila mazishi, akirudi, anageuza karatasi anaandika nyuma yule mtu mwenyewe. Mwalimu aliyekuwa mkali kwa watoto wa wengine na mnyonge kwa mke wake. Mama wa mandazi aliyewakopesha wote na hakumsahau hata mmoja. Jerono alisomewa, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Na mimi? Mimi utaandika nini?"

"Wewe nitaandika uliuza maziwa yenye imani. Yamebatizwa kwa maji mengi."

"Wewe mama una kichwa ngumu," Jerono akasema, na siku iliyofuata maziwa yalikuja mazito.

Sasa tuje kwa Phelista.

Wamalwa alikuwa na wake wawili. Rispah ndiye wa kwanza. Siku moja, bado wakiishi kwa babake Wamalwa kule Bungoma, Rispah alikwenda kwao kuuguza mama yake. Aliporudi na mtoto mgongoni, alikuta moshi unatoka jikoni mwake, na ndani kuna msichana mgeni ameinama juu ya chungu chake, anakoroga mboga ya mrenda. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno. Yule msichana akainua uso, akasema, "Karibu." Yaani Rispah anakaribishwa kwake.

Hilo neno lilikaa. Baadaye Wamalwa alipopata shamba Kitale, alimpeleka Rispah huko kulilima, na Phelista akabaki Bungoma kwenye boma la wazee. Watu walisema amewatenganisha kwa hekima. Rispah alijua vingine: mwenye kuchukuliwa mahali ndiye anahamishwa. Wakakaa hivyo miaka na miaka, mmoja huku, mwingine kule. Hawakugombana, kwa sababu hawakuongea. Walitumiana tu vitu. Mahindi yakikauka, Rispah anapakia gunia linakwenda Bungoma. Ndizi zikikomaa, Phelista anakata mkungu unakuja Kitale. Hakuna salamu ndani, hakuna pole, hakuna asante. Mizigo ilisalimiana. Mwaka mmoja Rispah alituma mahindi yenye dumuzi, kwa makusudi, na mwezi uliofuata akaletewa ndizi zilizooza. Akazitazama akaona kumbe huyu mtu anasikia.

Halafu Phelista akaanza kuumwa, akaandikiwa matibabu Kitale. Mahali pa kufikia palikuwa kwa Rispah tu. Mtoto wake Mukhisa, anayefanya kazi ofisini Bungoma mjini, alimleta kwa gari, akamshusha mlangoni pa Rispah na begi lake, akasimama hapo kama mtu aliyeleta mgeni kwenye nyumba yenye mbwa.

"Mama mkubwa, naomba..."

"Ingiza begi," Rispah akasema.

Phelista alikaa naye mpaka mvua za kwanza zikapita. Mwanzoni waliongea habari za dawa tu. Kisha siku moja, Rispah akiwa mlangoni anasoma karatasi zake kwa sauti, Phelista aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka akauliza, "Huyo Barasa ni yule wa mpaka, uliyemsoma jana?"

"Ni yeye."

"Soma tena pale mpaka unatembea."

Rispah akasoma tena. Phelista hakuwahi kuingia darasani hata la kwanza. Alisikiliza amefumba macho, na tumbo lake likitikisika kwa kicheko ambacho hakutaka kukitoa. Ikawa kazi yao ya alasiri. Karatasi zilipoisha, Phelista akasema bila kufumbua macho, "Yangu utaandika wewe."

"Una watoto wamesoma mpaka wakachoka. Hao ndio wataandika."

"Hao wataandika mtu mwingine. Wataniandika kama bibi ya askofu." Akafumbua macho. "Wewe unanijua kwa ubaya. Huo ndio wangu. Wao waandike uzuri wao, lakini mimi uniandike wewe, mayi, na uisome watu wasikie."

Hakuwa amewahi kumwita mayi, yaani mama. Rispah akasema, "Sawa," na akaenda kuangalia moto ambao haukuwa na shida yoyote.

Phelista akarudi Bungoma, na huko ndiko alikufa, wakati wa kupalilia.

Rispah aliandika siku nzima ya kesho yake. Mara hii hakuandika nyuma ya karatasi ya mtu. Alinunua karatasi safi dukani. Akafika Bungoma akakuta hema limesimamishwa, kamati ya mazishi imekaa kwenye viti vya plastiki, na Mukhisa katikati yao na kompyuta yake mapajani. Historia ilikuwa tayari. Marehemu alikuwa mcha Mungu, mcheshi, nguzo ya jamii. Ilibaki kupelekwa kwa mpiga chapa kabla hajafunga.

"Mamako aliniagiza niandike mimi," Rispah akasema. Akatoa karatasi zake kifuani.

Watu wa kamati wakatazamana. Mukhisa ana adabu. Alisimama akampa kiti, akapokea karatasi kwa mikono miwili. "Aliniambia," akasema. "Nilifikiri ni mambo ya ugonjwa." Akaanza kusoma kwa sauti ili wazee wasikie, akijikokota kwenye zile herufi, akitabasamu kidogo, si kwa ubaya. Kisha akafika mahali akasimama.

"Soma," Rispah akasema.

Mukhisa akakohoa. "'Phelista alikuja akachukua mahari yangu.'"

Viti vikalia. Mzee Makokha, kaka mkubwa wa Phelista, aliyekuja na ndugu zake kumzika dada yao, akaweka kikombe chini. Ni mtu mrefu, sauti yake ndogo. "Ati mahari? Ng'ombe zetu zilikuwa zako?"

"Nimeandika ukweli," Rispah akasema, maana yeye alisikia neno lake, si la Makokha.

"Mama, tumekuja kwa kilio, hatukuja kwa kesi. Ng'ombe tulizopewa kwa sababu ya dada yetu tulizipokea mbele ya wazee. Kama Wamalwa alizitoa kwenye zizi la mtu, aulizwe Wamalwa."

"Wamalwa amekufa."

"Basi umeona."

"Nani amesema ng'ombe? Mimi nimesema mahari. Mahari pangu. Pa kukaa. Pa kupikia."

Mmoja wa vijana wa kamati akaelewa, akaziba mdomo. "Ni mahali," akasema. "Kukhu, nyanya yetu huyu, anasema mahali." Kicheko kikazunguka hema lote. Hata Makokha akacheka, akachukua kikombe chake, akasema, "Bana, nilikuwa nimeanza kuhesabu zile ndama za mwaka ule." Mambo yakapoa kwa wote isipokuwa mmoja. Rispah alikaa wima kama mti wa kufungia ng'ombe. Alikuwa ameandika neno lililomuuma zaidi maishani, na limechekwa kwa sababu ya kijiherufi kimoja.

Mukhisa akamwomba waende pembeni, nyuma ya ghala la mahindi. Huko hakucheka.

"Mama mkubwa, si herufi. Herufi nitarekebisha. Ni hilo neno lenyewe. Acha niweke 'aliolewa kama mke wa pili', tuendelee."

"Hiyo ni ya kompyuta. Mamako alikataa hiyo."

"Unajua nimekua nikisikia nini hapa?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kila nikikuja Kitale nikiwa mdogo, wewe ulinipa chakula, hukuninyima. Lakini ulikuwa unaniangalia kama mtoto wa mwizi. Nilijua mama alikuja kuchukua kitu. Sikujua ni nini. Sasa kesho atazikwa mbele ya watu wote, wa kanisa, wa ofisi yangu, na kitu cha mwisho kusomwa ni kwamba alichukua. Siku hii moja, mama mkubwa. Sitaki asifiwe. Nataka tu asishtakiwe."

 Rispah ni mtu wa majibu, mwulize mtu yeyote Matisi. Mara hii alinyoosha mkono, akachukua karatasi zake.

"Niambie," akasema. "Ya ng'ombe inaandikwaje?"

"Mahari. Kwa r." Akaichora pembeni pa karatasi.

"Na ya kukaa?"

"Kwa l. Hii."

Akayatazama hayo mawili yakiwa yamelala pamoja, yanafanana kama ndugu, yametengwa na kijiti kimoja kirefu na kimoja kifupi. Akajaribu kuyatamka. Yote mawili yakatoka mahari.

"Hiyo historia yako usiipeleke bado," akamwambia, akaenda jikoni.

Jiko lilikuwa lile lile, ingawa limewekwa mabati. Wake wa boma walikuwa wanapika huko nje kwenye masufuria makubwa, kwa hiyo ndani hapakuwa na mtu. Akakaa kwenye kigoda cha Phelista. Kutoka hapo, mtu ameinama juu ya chungu, anaona mlango wote. Anaona anayekuja na mtoto mgongoni. Rispah hakuwa amewahi kukaa upande huo.

Akajiuliza, polepole, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamharakisha. Huyu msichana alikuwa na umri gani? Mdogo. Mabega yake yalikuwa bado ya mtoto. Nani alimwambia kwamba jiko lina mwenyewe? Hakuna. Nani alimuuliza kama anataka kuja? Waliulizwa ng'ombe kama wanatosha. Na Rispah mwenyewe, alipoletwa, nani alimuuliza? Na lile neno, *karibu*, labda halikuwa la kumtoa. Labda lilikuwa la msichana aliyeogopa, akaona mtu mlangoni, akasema neno la kwanza ambalo mama yake alimfundisha kumwambia mgeni.

Kwa miaka yote hiyo aliandika kichwani mwake neno moja akafikiri ni lingine.

Akakata mstari, akaandika. Akakata tena. Hili lilikuwa jambo jipya. Kwa Barasa na wengine neno lilikuja akaliacha lilivyokuja. Kwa Phelista neno lilikuja, akalitazama machoni, akaliambia, wewe si wewe, na likaenda likaleta ndugu yake. Mke wa Mukhisa, Joan, akaingia kutafuta mwiko, akamkuta ameinama hivyo na biro.

"Mama mkubwa, nikuletee chai?"

"Niletee karatasi nyingine."

Jua likiwa limeanza kushuka upande wa Uganda, alirudi hemani, akaketi karibu na Mukhisa, akavaa miwani. "Nitasoma mimi, wewe upige chapa. Tusikizane kwanza. Herufi ni zako, rekebisha unavyotaka. Maneno ni yangu. Neno langu ukiliondoa nitaliona, hata kama najua kusoma kidogo."

"Na nikiona linaniumiza?"

"Utaniambia. Nitaangalia kama linaumiza kwa sababu ni uongo ama kwa sababu ni kweli."

Mukhisa akafikiri, akafungua ukurasa mweupe. Akaanza kusomewa, naye akaanza kupiga, na kamati ambayo ilikuwa inabishana juu ya viti vya kukodi ikapunguza sauti, kisha ikaacha kabisa. Mahali pamoja vidole vyake vilisimama. Akasema, "Rudia hapo," akarudiwa, akapiga tena bila kubadilisha.

Mwishoni akauliza, "Chini niweke nini? Kwa kawaida tunaandika 'Familia'."

"Familia haikuandika. Ilikuwa inabishana juu ya viti." Kamati ikacheka. "Weka Rispah Nabwile. Mke mwenza."

Akaliandika. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kupigwa chapa mahali ambapo si kitambulisho, na hakuna hata mtu aliyekufa ili liandikwe. Yaani amekufa, lakini si yeye.

Kesho yake mchungaji alimwita mbele, na Rispah akasoma mwenyewe. Kipaza sauti alikikataa. Alisema kinamla maneno. Akasoma taratibu, kidole chini ya mstari:

*Phelista hakuchukua mahali pangu. Nilifikiri hivyo miaka mingi, na nilikosea. Mahari ndiyo ilimleta. Ng'ombe walikwenda kwao, yeye akaja kwetu, na hakuna aliyemuuliza, kama mimi nami sikuulizwa. Aliwekwa mahali palipokuwa na mtu. Palikuwa padogo, tukabanana. Mimi nilimnunia, na yeye alininunia vizuri kunishinda. Alikuwa mkaidi. Akikasirika anapika mboga bila chumvi, anakaa akikuangalia ukila, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuomba chumvi, hata Wamalwa. Ndizi zake zilifika Kitale zikiwa mbichi ili ziivie kwangu, na nilikuwa mjinga kufikiri ni bahati. Alipenda kuku kuliko wageni. Kanisani alikuwa analala, lakini akitoka anajua wimbo. Alipofikiri hakuna mtu, alikuwa anaimba akisonga ugali. Sasa ameondoka kwenye jiko na mlango uko wazi. Mimi ndiye nasema karibu, na hakuna anayeingia.*

Mahali na mahari zilitoka mdomoni mwake zikiwa neno moja, kama kawaida. Lakini watu walikuwa na karatasi mikononi, na ulimi ulipokataa, karatasi ilikubali. Pale kwenye chumvi watu walicheka, na wake wa boma waliotoka jikoni kusikiliza walicheka kuliko wote, maana walikuwa wameila hiyo mboga. Pale mwisho hakuna aliyecheka. Mzee Makokha alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya fimbo. Rispah akavua miwani, akarudi kwenye kiti chake. Hakuangalia kushoto wala kulia. Alijua ameandika vizuri na hakuhitaji mtu amwambie.

Baada ya kaburi kufunikwa na watu kuanza kutawanyika, Mukhisa alikuja akakaa kwenye kiti kando yake. Suti yake ilikuwa na udongo magotini. Alikuwa na ile karatasi, kidole kimewekwa mahali fulani katikati.

"Hapa," akasema. "Jana nilipiga chapa bila kufikiri. Ati alikuwa anaimba?"

"Alikuwa anaimba."

"Mimi nimekaa na mama maisha yangu yote. Sijawahi kusikia."

"Utasikiaje na wewe ulikuwa hujazaliwa, tukikaa boma moja? Mimi nilikuwa nje ya mlango, nimemnunia."

Mukhisa akatikisa kichwa. Upande wa pili vijana walikuwa wanalegeza kamba za hema. "Alikuwa anaimba wimbo gani?"

Rispah akafikiri. Sauti yenyewe aliisikia kabisa, ndogo, ikipanda na mwiko na kushuka na mwiko, lakini kuimba hakujua, na hakutaka kuiharibu kwa mdomo wake.

"Huo bado sijauandika," akasema. "Una biro?"